Kimya Huanzia Mishipani

Saa moja jioni umeme umekatika, Bagira hadi Nguba,
nasi tunashukuru: giza ndilo tulilokuwa tukilingoja.
Cibalonza anafunga mlango wa banda la nailoni,
anawasha taa ya urujuani inayokula betri ya pikipiki,
na tumbaku zetu arobaini, ndani ya makopo ya nyanya,
zinawaka kijani.

Si kijani cha shamba. Ni cha jeni la kuazima,
la mnyama laini wa bahari ambayo hatujaiona.
Ziwa letu halina kinachowaka usiku
ila taa za wavua sambaza,
samaki mwenye jina lililo pia amri.

Siku tisa zilizopita, kwenye mche namba kumi na saba,
nilibonyeza bomba lisilo na sindano
chini ya jani moja tu, la tatu kutoka udongoni.
Tone lenye bakteria, na ndani yao nakala ya jeni lilelile:
kama kumwita mtu jina lake
mara nyingi mno, hadi aache kuitika.

Leo jani lile ni jekundu.
Si damu, si ugonjwa.
Ni wekundu wa klorofili, uliokuwapo siku zote
chini ya ule mwako.
«Angalia mu mishipa,» Cibalonza ananong'ona,
«njo kwenye inaanzaka.»
Kweli. Majani mapya ya juu, ambayo hatukuyagusa,
yamechorwa mishipa myekundu
kama njia za Kadutu baada ya mvua.

Jeni halijafutwa. Lipo zima, linaandika barua zake.
Lakini vipande vya herufi ishirini na moja
vinazunguka na mkasi,
vinaitafuta kila barua inayofanana navyo,
vinaikata kabla haijasomwa.
Kisha vinapenya vijia vya ukutani,
seli hadi seli, kumi, kumi na tano,
vinachoka, vinanakiliwa upya, vinaendelea.
Vingine vinadandia mto wa sukari
unaopanda kwa majani machanga,
maana wachanga ndio wenye njaa.
Majani mazee hayapati habari. Yanazidi kuwaka.

Profesa Birindwa husema ni kama uvumi.
Mimi naona ni kinyume chake:
neno linalotembea likifuta neno.

Kwetu Panzi lilikuwapo jina.
Baba alikuwa wa kwanza kuacha kulitaja.
Kisha mama, aliyelala karibu naye.
Kisha sisi watoto, kwa umri.
Kisha Mama Nsimire wa ukuta wa pili,
aliyezoea kulipaza kila asubuhi akimtuma maji.
Hakuna aliyetukataza.
Nyanya peke yake, kule Walungu,
alilisema hadi siku ya kufa,
nasi tukasema ni uzee.

Sipendi kufananisha. Mmea hauna aibu.
Ulijifunza kunyamazisha ili virusi visiumalize;
kimya ni kinga yake.
Sisi tulikuwa tukijikinga na nini?

Mwezi uliopita tulivuna mbegu za mche namba tano,
ule ulionyamaza shina zima.
Zimeota kwenye trei ya mayai.
Cibalonza anaisogeza taa.
Vijani viwiliviwili, vidogo kuliko ukucha wa mtoto:
kijani. Vyote kijani.
Havikuambiwa.

Jana binti yangu Ntakwinja, wa miaka sita,
alivuta daftari kuukuu kutoka chini ya kitanda,
akasoma jalada kwa silabi:
A-ko-nkwa.
«Papa, ni nani?»
Nikamwambia akanawe mikono.

Betri inakufa. Ninajaza rejista kwa haraka:
mche 17, siku ya 9, mishipa.
Na kwenye safu ya mwisho, ya maelezo mengineyo,
ninaliandika,
herufi zake zote saba.